Jicho Likigeuka Ndani kwa Ghafula

Mtoto aliyekuwa na macho sawa, kisha kwa ghafula jicho lake moja likageuka kuelekea puani, hafai kungojewa. Hapa Ziba wengi husema, "Ni makengeza tu, yataondoka akikua." Macho ya mtoto mchanga wa miezi miwili huweza kupotoka kidogo yakatulia, ni kweli, lakini ya mtoto aliyekwisha kutembea si hivyo.

Sababu iliyo ya kawaida, hasa kati ya miaka 2 na 4, ni jicho lisiloweza kuona wazi bila kujikaza. Kujikaza huko ndiko kunakoyavuta macho ndani. Dawa yake ni miwani, nayo mara nyingi hulinyosha jicho pasipo kisu. Watu hushangaa kumwona mtoto mdogo amevaa miwani, na washangae. Asipoipata, ubongo huzoea kuliacha jicho lile, likapungukiwa na nguvu ya kuona ingawa lenyewe ni zima.

Sababu nyingine ni ya hatari, yaani kulegea kwa mshipa wa fahamu unaoongoza msuli wa kulivuta jicho upande wa nje. Huletwa na pigo la kichwa, homa ya uti wa mgongo, maji kuzidi kichwani, au uvimbe katika ubongo. Mwalimu aweza kulitambua darasani: amfunike mtoto jicho zima, amwambie afuate kidole kuelekea upande wa sikio bila kugeuza kichwa. Jicho likikoma katikati, hilo ni jambo zito. Hata likifika pembeni, asiachwe, maana uvimbe huweza kujificha. Akiumwa kichwa asubuhi, akitapika, au akiyumba aendapo, apelekwe siku ile ile. Vivyo hivyo mboni ikionyesha weupe kama jicho la paka gizani, kwani huenda ni saratani ya jicho.

Hospitali yetu ya karibu ni Nkinga. Toka huko mgonjwa huweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Daktari atauliza tatizo lilianza lini, basi chukueni picha ya zamani ya mtoto, kama ipo. Atamulika taa aone nuru yaangukia wapi katika kila mboni, atafunika macho moja moja, kisha atatia matone ya kupanua mboni, apime miwani na kutazama nyuma ya jicho. Akishuku ubongo, ataagiza picha ya kichwa. Matone yale humfanya mtoto auchukie mwanga siku ile, pengine na siku zifuatazo. Wazazi wasishtuke, bali wamkalishe kivulini.