Jeni ya maisha marefu: Kuhusishwa si kusababisha

Ajuza aliyefikisha miaka 98 akizikwa, matangani hakosekani wa kusema, “Ukoo huu una damu ya kuishi.” Kauli hiyo ina ukweli, ila ni mdogo kuliko tunavyodhani. Vyombo vya habari navyo hutia chumvi vinapotangaza ati wanasayansi wamegundua “jeni ya maisha marefu”. Hebu tuyapime maneno haya.

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli za mwili, tunayoyarithi kwa baba na mama. Jeni moja huweza kuwa na maumbo kadhaa, jinsi Mwunguja anavyosema ‘njia’ na Mmvita akasema ‘ndia’. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kipande kidogo tu. Lakini ‘ndia’ na ‘njia’ zina maana moja, ilhali badiliko dogo katika jeni wakati mwingine hugeuza utendaji wake.

Chukua FOXO3, jeni inayoisaidia seli kustahimili madhara na kujikarabati. Si kwamba wengine wanayo na wengine hawana. Sote tunayo. Mwaka 2008, watafiti walichapisha matokeo kuhusu wanaume wa asili ya Kijapani huko Hawaii, Marekani. Umbo fulani la jeni hiyo lilipatikana zaidi kwa waliofikisha miaka 95 kuliko kwa waliofariki kabla ya kutimiza 81.

Jeni nyingine ni APOE, yenye maumbo makuu matatu: E2, E3 na E4. E4 huhusishwa na maradhi ya moyo na ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu. Miongoni mwa waliotimiza karne, umbo hilo huwa adimu.

Zingatia kitenzi nilichotumia: huhusishwa. Sikusema husababisha. Wapo wenye E4 waliozeeka na akili zao timamu. Wapo pia wenye umbo zuri la FOXO3 walioaga dunia wangali vijana. Utafiti kuhusu mapacha wa Denmark, uliochapishwa mwaka 1996, ulikadiria kwamba urithi hueleza takribani robo tu ya tofauti za umri wa kuishi. Sehemu kubwa iliyosalia ni chakula, maradhi, sigara, ajali, matibabu na bahati.

Lipo jambo jingine linalotugusa Waafrika. Tafiti nyingi za jeni zimefanyiwa watu wa asili ya Ulaya, na matokeo yake hayahamishiki vivi hivi. Kwa mfano, uhusiano wa E4 na Alzheimer umeonekana kuwa hafifu zaidi miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, kuliko miongoni mwa Wazungu. Basi anayetaka kupima mate yako akubashirie umri, muulize kwanza: ujuzi huo ulitokana na kupima watu gani?

Huenda msomaji akaona tunagombania kitenzi tu. La hasha! Mtu aliyeaminishwa kuwa jeni zake zitamfikisha miaka 100 anaweza kupuuza vidonge vya shinikizo la damu, akafa na 60. Mwanahabari na mwalimu wa sayansi wachague kitenzi kwa makini. Damu ya kuishi ipo, lakini haimwokoi asiyekwenda kliniki.