Kuumwa na Nyigu: Maumivu na Hatari

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki nyigu hujenga viota chini ya upenu wa madarasa. Hutafuna nyuzi za miti na kuzichanganya na mate hata zikawa mfano wa karatasi. Aghalabu nyigu hao ni wa jenasi za Belonogaster na Polistes, wenye kiuno chembamba na miguu mirefu. Wasipochokozwa hawana shari. Lakini mpira ukikigonga kiota, majike hutoka kukitetea. Ni majike tu wanaouma, kwa kuwa mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha.

Sumu yake ni mchanganyiko. Imo histamini, pamoja na serotonini na kinini, ambazo hupanua mishipa midogo ya damu na kusisimua neva za maumivu. Vimo pia vimeng'enya vinavyoifungulia sumu njia kati ya seli. Ndiyo maana mahali palipoumwa huvimba, huwa pekundu na kuwasha, pengine kwa siku mbili au tatu. Uvimbe wa namna hiyo, hata ukiwa mkubwa, si hatari.

Nyuki huacha mwiba wake mwilini, nao huendelea kusukuma sumu. Yafaa uondolewe mara moja, hata kwa ukucha. Mwiba wa nyigu kwa kawaida haubaki, naye aweza kuuma tena na tena. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuondoka karibu na kiota. Kisha mtu avue pete kabla kidole hakijavimba, aoshe jeraha kwa maji na sabuni, akandike kitambaa cha maji baridi, na kuuinua mkono au mguu ulioumwa. Vidonge vya parasetamoli hupunguza maumivu, na dawa ya kuzuia histamini hupunguza mwasho. Aliyeumwa mdomoni au kooni apelekwe hospitali bila kungoja, maana uvimbe waweza kuziba njia ya hewa.

Wengine hupaka siki, wakidai kuwa sumu ya nyigu ni alikali. Mfano huu umependwa sana katika masomo ya kemia, lakini si sahihi. Sumu hiyo haielemei sana upande wa asidi wala wa alikali. Isitoshe, imekwisha kupita chini ya ngozi, mahali ambapo siki haifiki.

Hatari ya kweli iko kwingine. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jinsi mbwa aliyestahimili sumu ya mnyama wa baharini alivyokufa upesi alipopewa tena kiasi kidogo wiki chache baadaye. Hali hiyo waliiita anafilaksia, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kwa watu wachache mwili hufanya vivyo hivyo kwa sumu ya nyigu: baada ya kuumwa mara ya kwanza hujitengenezea kingamwili, na nyigu wa pili huamsha mmiminiko wa histamini mwili mzima. Basi aliyeumwa zamani bila madhara asijihesabu kuwa salama.

Dalili zake ni vipele vya kuwasha mbali na jeraha, midomo kuvimba, sauti kukwama, pumzi kukoroma, kutapika, kizunguzungu na kuzimia. Mgonjwa alazwe chali, miguu juu. Akishindwa kupumua aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ikidungwa katika msuli wa paja na kurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Vidonge vya kuzuia histamini havitoshi. Uchunguzi wa vifo vya namna hii uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kuwa kwa walioumwa na wadudu muda wa kati hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 15. Kwa shule iliyo mbali na zahanati, muda huo ni mfupi mno: gari litafutwe dalili ya kwanza inapoonekana.

Aliyenusurika aweza kukingwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1978 ulithibitisha kwamba kudunga sumu halisi ya mdudu, kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole, humkinga mgonjwa. Kabla ya hapo madaktari walidunga dawa iliyotengenezwa kwa mdudu mzima aliyesagwa, ambayo katika utafiti huohuo haikufaa kuliko dawa bandia.