Mjumbe wa Mkutano Mkuu wa KKKT: kweli au si kweli?

Kila baada ya miaka 4, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hufanya Mkutano Mkuu, na dayosisi zote hupeleka wajumbe. Agosti 2023 walikutana Makumira, mkoani Arusha. Mjumbe akirudi nyumbani huulizwa jambo moja tu: nani kashinda? Lakini kazi ya mjumbe ina uzito zaidi ya hapo.

“Wajumbe ni maaskofu na wachungaji watupu.” Si kweli. Walei wamo, wanawake kwa wanaume, na vijana pia.

“Wanakwenda kumchagua Mkuu wa Kanisa.” Nusu kweli. Mwaka 2015 alichaguliwa Askofu Fredrick Shoo, akarudishwa 2019. Mwaka 2023 akachaguliwa tena Askofu Alex Malasusa, aliyekwisha kuliongoza Kanisa kati ya 2007 na 2015. Hayo ndiyo yanayoingia magazetini. Lakini kuna taarifa, hesabu na mipango ya kujadiliwa, na asiyefungua kabrasha lake kabla ya safari atabaki kuitikia “ndiyo” wenzake wakiitikia.

“Mkuu wa Kanisa ni bosi wa maaskofu wote.” Si kweli, na hili ndilo linalotuchanganya kuliko yote. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa 7 yaliyokuwa yakijitegemea yalipokubali kuungana. Hakuna lililomezwa. Kila upande ulikuja na viongozi wake, mali zake na desturi zilizotokana na wamisionari waliofika kwao. Leo dayosisi ni zaidi ya 20, na kila moja ina askofu wake, katiba yake na mkutano mkuu wake. Hata Mkuu wa Kanisa anabaki askofu wa kwao: Shoo alikuwa wa Dayosisi ya Kaskazini, Malasusa wa Mashariki na Pwani. Kwa hiyo mgogoro ukizuka mahali, tusishangae kwamba makao makuu Arusha hayatoi amri moja mambo yakaisha. Mjumbe asiyelijua hili ataomba mkutano ufanye kazi ya dayosisi yake.

“Kanisa likiamua, Jumapili ijayo sharika zote zinatekeleza.” Si kweli. Mwaka 1990 Kanisa liliruhusu wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na 1991 wa kwanza wakabarikiwa. Ila kila dayosisi iliachiwa iamue wakati wake, na zipo zilizokawia miaka mingi. Kwa binti aliyesikia wito katika dayosisi iliyokawia, uamuzi ule ulikuwa habari ya kwa jirani.

“Mjumbe anabeba kura ya waliomtuma, basi.” Mimi nasema si kweli. Anabeba hoja zao, na azieleze bila woga hata askofu wake akiwa ameketi kando. Lakini kama hakuna neno linaloweza kumgeuza akisikia shida za wenzake wa dayosisi za Mbulu au Konde, mkutano wa nini? Wangetuma karatasi.

“Akirudi, taarifa ni hiari yake.” Si kweli hata kidogo, ingawa wengi wetu tunamwachia. Ombeni apewe nafasi baada ya ibada. Muulizeni hesabu zilisomekaje, nani alipinga nini na kwa hoja gani, na yeye mwenyewe alisimama kusema lipi.