Slabu Inavuja: Tazama Maji Kabla ya Kununua Dawa

Mama amejenga vyumba vya kupangisha Mwanga, Kigoma, akavifunika kwa slabu ili huko mbele aongeze ghorofa. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayonisomesha. Sasa slabu inavuja, na hela iliyopo inatosha kupaka dawa ya kuzuia maji mara moja tu. Nasoma ualimu, si uhandisi, ila nimewauliza mafundi na kusoma. Nawaletea niliyoyapata, maana najua siko peke yangu.

Tuanze na hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kigoma hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo slabu ya mita 60 za mraba hupokea kama lita 60,000. Dodoma hupata karibu nusu ya hapo, na huko tembe za Wagogo zenye paa bapa la udongo ziliweza kuhimili. Huku kwetu, maji yakikosa pa kwenda yatashuka chumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: maji yanatuama? Panda juu mvua ikikatika. Yakikaa zaidi ya saa 48, mteremko hautoshi. Ziba nyufa, kisha fundi amwage saruji na mchanga kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kila mita, kuelekea kwenye bomba.

Hapo ndipo uchague dawa. Rangi ya akriliki unapaka mwenyewe, na nyeupe hupunguza joto ndani. Lakini maji yakituama juu yake, hulainika na kubanduka. Saruji ya kuzuia maji hushika zege vizuri, ila haivutiki: slabu ikitanuka mchana na kusinyaa usiku, hupasuka. Karatasi ya lami inayochomwa kwa gesi huvumilia maji zaidi, ila maungio yanategemea mkono wa fundi. Poliyurethani huvutika kama mpira na huvumilia maji yaliyotuama, ila bei imechangamka na hutaka slabu kavu kabisa.

Kupima ukavu, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta jasho chini yake, subiri. Unyevu ukifungiwa, jua huugeuza mvuke na dawa hutoka malengelenge. Kwa hiyo hii ni kazi ya kiangazi, Juni hadi Septemba.

Sisi tumeamua mteremko kwanza, kisha akriliki. Poliyurethani ingemaliza hela yote, na maji yangeendelea kutuama palepale.