Stika za Ukutani: Kinachouzwa ni Kubanduka

Nairobi ni jiji la wapangaji. Zaidi ya kaya nane kati ya kumi huishi katika nyumba za kukodi, na ukuta wa sebule ni mali ya mtu mwingine. Anayetamani kuuchora kwa mtindo wa grafiti huwaza dipoziti kabla ya kuwaza rangi: siku ya kuhama, nani atalipia kuupaka upya? Stika za vinaili zilipata soko lao katika swali hilo. Karakana zilizozoea kukata herufi na sura za wanamuziki za kubandikwa ubavuni mwa matatu tayari zina plota na mafundi wa kazi hiyo, tena zina sababu ya kutafuta mteja wa pili. Biashara ya matatu hutegemea mno hisia za serikali. Kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mstari wa manjano na kufifisha michoro, na mwaka 2018 serikali ilizikazia upya. Sebuleni hakuna askari wa trafiki.

Hata hivyo, karakana nyingi zinauza picha, ilhali mpangaji ananunua uhakika wa kuibandua. Uhakika huo huanzia kwenye roli ya vinaili yenyewe. Kampuni ya Ujerumani ya Orafol, kwa mfano, hutengeneza Oracal 651 yenye gundi ya kudumu, inayofaa magari na mabango, na Oracal 631, isiyong'aa na yenye gundi inayoachia, iliyokusudiwa kuta na maonyesho. Karakana iliyokulia kwenye magari itakuwa na roli za aina ya kwanza, na kishawishi cha kukatia mteja kilichopo rafuni ni kikubwa. Picha zitafanana siku ya kubandika; tofauti itajulikana miaka miwili baadaye, stika itakapong'oka na rangi, pengine na kipande cha plasta. Na si roli pekee yenye lawama. Nyumba nyingi za kupangisha hupakwa rangi ya maji ya bei ya chini, iliyopungukiwa na kishikizi, juu ya ukuta ambao haukupakwa rangi ya msingi. Ukiipitishia kiganja, unabaki na vumbi jeupe mkononi. Stika ikibandikwa hapo hushika vumbi badala ya ukuta, ikaanguka yenyewe; au hushika rangi iliyoshikamana ovyo na plasta, ikaivua yote. Huko Mombasa, ambako unyevu na chumvi hupanda kutoka ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, hata gundi nzuri haina pa kushika.

Kwa hiyo fundi anayejua biashara yake angeuza kwanza ukaguzi wa ukuta. Kipande kidogo cha majaribio kikibandikwa nyuma ya mlango kwa siku chache kitasema mengi. Rangi mpya isubiriwe wiki tatu hivi ikauke hadi ndani. Bei ijumuishe safari ya pili ya kuja kubandua, kwa mashine ya kukaushia nywele inayolainisha gundi, huku stika ikivutwa polepole kuanzia pembeni. Kuna watakaosema mteja wa Nairobi hatalipia huduma hiyo wakati stika kutoka China zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ni kweli kwa anayetaka stika ya kipepeo ya chumba cha mtoto. Lakini karakana haiwezi kumshinda muuzaji wa vipepeo kwa bei, na haina haja ya kujaribu: anayeagiza mchoro wa kufunika ukuta mzima ameweka rehani dipoziti ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja mzima. Kwa mtu huyo, kuambiwa kwa maandishi kwamba ukuta utarudi ulivyokuwa kuna thamani ya fedha. Pingamizi la plastiki ni zito zaidi. Vinaili ni PVC, haina mahali pazuri pa kwenda ikishabanduliwa, na sioni jibu la kuridhisha zaidi ya kubandika kidogo.

Limebaki suala la michoro, ambalo wafanyabiashara hulipita haraka kupita kiasi. Wengi hupakua msichana na puto wa Banksy, mchoraji wa barabarani wa Uingereza, wakamkata, wakamuuza, wakiamini kuwa mchoro wa barabarani hauna mwenyewe. Imani hiyo hupata nguvu kutokana na kesi ya Septemba 2020, ambapo ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya ilifuta alama ya biashara ya mchoro wake wa mtu anayerusha maua, baada ya kampuni ya kadi, Full Colour Black, kuipinga. Lakini kilichofutwa pale ni alama ya biashara, iliyoonekana kusajiliwa kwa nia mbaya. Haki ya mchoraji juu ya kazi yake ni suala jingine. Na wachoraji wa ukutani wa Nairobi, tofauti na Banksy, wengi hawafichi sura zao, kwa hiyo wanaweza kudai. Karakana ingepata faida zaidi kwa kuwalipa sehemu ya kila stika inayouzwa, maana mchoro wao ndio kitu pekee ambacho kontena kutoka Guangzhou halikuja nacho.