Funza katika ua wa nyumba: mtambue, mzuie, mtoe kwa usalama

Kiangazi kikishika na vumbi likiongezeka, funza nao huongezeka. Ni wakati ambapo watoto huanza kuchechemea, wazee hushindwa kwenda kuchota maji au kupanga foleni ya mgao, na baadhi ya wanafunzi hubaki nyumbani kwa sababu ya maumivu na kwa kuogopa kuchekwa. Jambo hili si dogo. Funza akiachwa huleta vidonda, usaha, kung'oka kwa kucha, na hata pepopunda, ugonjwa unaoua. Lakini familia ikimjua mdudu huyu na mahali anapozaliwa, inaweza kumshinda kwa maji kidogo, sabuni na ufagio.

Funza ni nani?

Watanzania wengi humwita tekenya. Warundi husema imvunja, Wanyarwanda husema amavunja, na Waganda husema envunza. Ni aina ya kiroboto mdogo sana, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Asichanganywe na mabuu ya nzi, ambayo pia watu huyaita funza.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 1872 aliingia katika mji wa Ambriz, Angola, ndani ya mchanga uliobebwa na meli iliyotoka Brazil. Kutoka hapo alifuata misafara ya wafanyabiashara na askari, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayesema kwamba funza ni laana ya ukoo fulani au ni uchawi wa jirani, ajue kwamba mdudu huyu alikuja kwa meli na akasambaa kwa njia ya vumbi.

Maisha yake

Funza jike huingia katika ngozi, hasa ya miguu: pembeni mwa kucha, kati ya vidole, kwenye nyayo na kisigino. Mtoto anayetambaa au kukaa chini anaweza kumpata pia mikononi na makalioni. Akishaingia hatembei tena. Hunywa damu na kuvimba mpaka kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Sehemu yake ya nyuma hubaki nje kupitia tundu dogo, na kwa tundu hilo hupumua, hutoa uchafu na hutaga mayai. Kwa muda wa wiki mbili au tatu hutaga mayai mamia.

Mayai hayo huanguka chini. Baada ya siku 3 au 4 hutoka viluwiluwi, ambao hukua ndani ya vumbi kavu: kwenye nyufa za sakafu, chini ya mikeka, pembezoni mwa kuta, katika kivuli cha ua na mahali mifugo inapolala. Baada ya wiki chache wanakuwa funza wakubwa wanaotafuta mguu wa kuingia.

Hii ndiyo sababu familia nyingi hutoa funza kila juma lakini hawaishi. Wamemtoa aliye mguuni, wakawaacha walio kwenye vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jinsi ya kumtambua

Kagua miguu ya watoto kila jioni, mahali penye mwanga, baada ya kuiosha. Angalia dalili hizi:

1. Siku ya kwanza na ya pili: kidoa chekundu kinachowasha, chenye nukta nyeusi katikati.
2. Siku zinazofuata: uvimbe mweupe wa mviringo wenye nukta nyeusi katikati. Mguu huuma, hasa wakati wa kutembea. Huu ndio wakati anaotaga mayai.
3. Kuanzia wiki ya tatu: uvimbe hunyauka na kuwa gamba jeusi. Funza amekufa au yu karibu kufa.
4. Kati ya wiki ya nne na ya sita: mabaki hutoka yenyewe, yakiacha shimo dogo katika ngozi.

Wazee wanaoishi peke yao na watu wenye ulemavu wasisahauliwe. Wengi wao hawawezi kuinama wala kuona nyayo zao. Mtu akiwaosha na kuwakagua mara mbili kwa juma, atakuwa amewalinda wao na ua mzima wa majirani.

Kusafisha ua na nyumba

Tunajua kwamba maji ya kambini ni ya kupimwa. Si lazima kutumia maji safi kwa kazi hii. Maji yaliyooshea vyombo au nguo, yenye sabuni, yanafaa.

• Nyunyiza maji kwenye sakafu na uani kabla ya kufagia. Kufagia pakiwa pakavu hurusha vumbi na kulihamisha tu. Usimwage mengi hadi kuacha madimbwi, kwani mbu watazaliana.
• Anza na pembe wanapolala watoto. Inua mikeka, magodoro na blanketi, uvianike juani, kisha ufagie chini yake. Funza wengi huingia usiku watu wakiwa wamelala.
• Siriba sakafu kwa udongo wa mfinyanzi uliolowekwa, na uzibe nyufa zote. Rudia nyufa zinapotokea tena. Sakafu ngumu isiyo na vumbi haimpi funza mahali pa kukulia. Usitumie kinyesi cha ng'ombe mahali penye mtu mwenye vidonda miguuni, kwa sababu kinyesi huwa na vijidudu vya pepopunda.
• Mifugo isilale ndani ya nyumba. Nguruwe, mbwa, paka, mbuzi na panya wote hubeba funza. Nguruwe wafungiwe bandani, mbali na nyumba. Kagua kwato na nyayo za wanyama kama unavyokagua za watoto.
• Ondoa takataka zinazovutia panya.
• Osha miguu kwa sabuni kila jioni, kisha uikaushe vizuri, hasa kati ya vidole. Viatu vinavyofunika mguu husaidia, lakini ndani ya nyumba yenye vumbi havitoshi, maana hakuna alalaye na viatu.

Ni vema nyumba zinazopakana zifanye kazi hii siku moja. Ua mmoja ukisafishwa na wa jirani ukaachwa, watoto wanaocheza pamoja watawarudisha.

Kumtoa kwa usalama

Njia iliyozoeleka ni kuchokonoa kwa pini, mwiba au wembe. Hapo ndipo hatari ilipo. Pini moja ikipita kwa watoto watano, inaweza kupeleka virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Na shimo linalobaki wazi kwenye vumbi ni mlango wa pepopunda.

Ukiweza, nenda zahanati. Huko mguu huoshwa, hutumika chombo safi kwa kila mtu, kidonda hutiwa dawa, na mhudumu huangalia kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Ipo pia dawa isiyohitaji pini: mafuta mepesi ya dimetikoni, yanayodondoshwa juu ya nukta nyeusi. Mafuta huziba tundu la kupumulia, na funza hufa ndani ya siku chache. Utafiti uliofanyika Kenya na kutangazwa mwaka 2014 uliyalinganisha na maji ya zambarau ya pamanganeti. Baada ya siku 7, mafuta yalikuwa yameua funza 78 katika kila 100, na maji ya zambarau 39. Uliza zahanati kama yanapatikana.

Usifanye haya: usipake mafuta ya taa, petroli, maji ya betri wala dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Huunguza ngozi, na baadhi ni sumu inayoingia mwilini, hasa kwa mtoto.

Nenda zahanati bila kuchelewa ukiona usaha, mguu uliovimba na kuwa na joto, homa, au vidonda vingi. Taya likikaza au mwili ukikakamaa, hiyo ni dalili ya pepopunda. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Tusiwacheke wenye funza

Funza hufuata sakafu ya vumbi, uhaba wa maji na ukosefu wa viatu. Hayo hayatokani na uvivu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka upele na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozi katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, yanayowapata zaidi watu wenye maisha magumu.

Mtoto anayechekwa huficha miguu yake. Akiificha, hatatibiwa, na mayai yataendelea kudondoka darasani na nyumbani. Walimu, viongozi wa vijiji na wa dini, tuwaombe watu waonyeshe miguu yao bila aibu. Ukimjua jirani ambaye hatoki tena nje kwa sababu ya vidonda, mwambie mhudumu wa afya wa eneo lako, kisha uende naye kumsalimu. Mkifika, bebeni ufagio na ndoo ya maji.