Mwili Unapojipinda: Kisomo, Tabibu na Waya Ndani ya Ubongo

Yako maradhi ambayo kila yanapoingia nyumbani hutanguliwa na kutafutwa jini au mchawi. Mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri anaanza kuupinda mguu kwa ndani. Baada ya miezi mkono nao unajikunja, kisha shingo na kiwiliwili. Akilala usingizi mzito mikazo hutulia, akiamka inarudi. Mara nyingi akili yake ni nzima kabisa, anasikia yote yasemwayo juu yake, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

Matabibu huyaita maradhi hayo distonia, jina lililotolewa mwaka 1911 na tabibu wa Kijerumani, Hermann Oppenheim. Hata huko Ulaya, kwa miongo mingi baada yake, wagonjwa wengi waliambiwa kuwa tatizo lao ni la nafsi tu, basi tusidhani ni sisi peke yetu tuliowadhulumu. Mwaka 1997 ndipo ilipotambuliwa kasoro ya urithi inayosababisha aina moja ya distonia inayoanza utotoni. Wengi wanaoibeba kasoro hiyo, takriban 7 katika kila 10, hawaugui maishani mwao. Kwa hiyo mtoto anaweza kuugua hali wazazi wote wawili ni wazima, na lawama baina ya mume na mke hazina msingi.

Tiba inayozungumzwa sana leo ni ya kuuchochea ubongo kwa umeme. Asili yake ni Ufaransa. Profesa Alim-Louis Benabid wa Grenoble aliianza mwaka 1987 kwa watu wenye kutetemeka, na baadaye Profesa Philippe Coubes na wenzake wa Montpellier wakaielekeza kwenye distonia, wakachapisha mwaka 2000 habari za wagonjwa 7, wengi wao watoto, waliopata nafuu kubwa. Mpasuaji hutoboa tundu dogo katika fuvu, akashusha waya mwembamba hadi kwenye kiini kilicho ndani sana ya ubongo, kinachoratibu mienendo ya mwili. Kwa kawaida hufanya hivyo pande zote mbili. Waya hizo hupita chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, mpaka kwenye kifaa chenye betri kilichofukiwa kifuani chini ya mtulinga. Kifaa hupeleka mapigo hafifu ya umeme, mara nyingi zaidi ya 100 kwa sekunde.

Je, si dhana tupu? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 40 wa Ujerumani, Norway na Austria. Wote waliwekewa vifaa, lakini kwa miezi 3 vya baadhi yao havikuwashwa, na wenyewe hawakuambiwa. Waliowashiwa walipungukiwa na ugonjwa kwa takriban asilimia 39. Wengine kwa takriban asilimia 5 tu. Sisi tuliosoma elimu ya hadithi, tuliozoea kupima kila mpokezi kabla ya kuikubali habari, tunapaswa kuwa wa kwanza kuithamini subira ya namna hii.

Hata hivyo, si ponyo. Mikunjo iliyokomaa huchukua miezi kulegea. Kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni, ya usaha kuingia penye kifaa, na ulimi kuwa mzito. Betri ikiisha maradhi hurudi, pengine kwa ukali. Wenye distonia ya urithi hunufaika zaidi. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa hunufaika kidogo, na mzazi aambiwe hivyo kabla ya kuuza shamba.

Na kabla ya kisu kuna vidonge. Iko aina iliyoelezwa na Profesa Masaya Segawa wa Japani katika miaka ya 1970: mtoto hutembea vyema asubuhi, jioni akaburura miguu. Kiasi kidogo cha dawa iitwayo levodopa humrejesha katika uzima wa ajabu. Aidha, mtu anayepindwa shingo na kugeuka macho ghafla aulizwe kwanza amekunywa dawa gani, kwani baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za maradhi ya akili hufanya hivyo, na sindano hospitalini humtuliza kwa muda mfupi. Wangapi wamefungwa kamba wakazinguliwa usiku kucha kwa sababu hiyo!

Kisomo hakikatazwi. Kinachokatazwa ni kumpiga mgonjwa, kumfunga na kumnyima tabibu, ilhali Mtume (SAW) alipoulizwa juu ya kujitibu aliamrisha watu wajitibu.

Wako wanaouliza kuhusu josho na swala. Kifaa kimo chini ya ngozi na jeraha likipona hakizuii maji kuufikia mwili, hivyo udhu na josho husihi. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na akishindwa huswali amelala ubavu. Anayesafiri kwenda Hija achukue kadi ya kifaa chake, awaoneshe walinzi wa uwanja wa ndege na kuomba akaguliwe kwa mkono, kwa sababu sumaku za milango ya ukaguzi zinaweza kukizima.